Mche Mchanga Hauhubiriwi Kiangazi



Neno la wiki hii liko Luka 13:6–9, mfano wa mtini uliokosa matunda. Lakini kabla ya kufungua Biblia naomba mtupie jicho ukuta wa kanisa, upande wa barabarani. Hapa Dodoma mvua ilikatika Aprili. Mibuyu imebaki matawi matupu, vumbi limelala juu ya kila bati, na upepo wa mchana ndio huo mnaoujua. Pale ukutani boganvilia zimefunika matofali yote: zambarau iliyokolea, nyekundu, ile nyeupe moja ya karibu na lango, na ile ya rangi ya chungwa ambayo wanakwaya hupenda kupigia picha. Zilianza kuchanua Juni, na hadi leo hazijapumzika. Mwaka huu hakuna aliyezimwagilia.

Sisi wahubiri tunazipenda sana. Nadhani kila aliyekaa mji huu amesikia mahubiri ya boganvilia walau mara moja. Huwa yanakwenda hivi: tazameni, ndugu zangu, ua hili huchanua pale maji yanapokatika, basi na wewe unayepita kwenye ukame usinung'unike, maana Mungu amekunyima maji ili uchanue. Watu huitikia amina. Nami leo nataka kusema, kwa upendo na bila kumlenga yeyote, kwamba mahubiri hayo yana ukweli nusu, na ile nusu iliyoachwa nje ndiyo inayoua miche. Huua na imani za watu.

Tuanze na nusu iliyo kweli, kwa sababu ni kweli hasa, tena inapendeza kuijua.

Asili ya boganvilia ni Amerika Kusini: Brazili, Bolivia, Peru, hadi kaskazini mwa Argentina. Huko porini huparamia miti mingine na kujishikiza kwa miiba yake. Ukiipa maji mengi na mbolea nyingi, hasa yenye naitrojeni kama urea, hurefusha matawi na kujaza majani ya kijani. Machipukizi hukimbilia paani, ua halionekani. Maji yakipungua, kurefuka kunasimama, na chakula kilichotengenezwa na majani juani, ambacho kingeishia kwenye matawi, huelekezwa kwenye maua. Ndiyo maana wanaoijua huacha udongo ukauke vizuri kabla ya kumwagilia tena, na samadi huitoa kwa mkono mzito. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kufupika kwa mchana nako huchangia. Hapa kwetu mchana mrefu kuliko wote na ule mfupi kuliko wote haupishani hata saa nzima, kwa hiyo ukame na jua ndivyo vinavyoshika usukani. Na jua lenyewe halina mjadala. Boganvilia isiyopata walau saa sita za jua kwa siku itakupa majani tu. Ile iliyo chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi ya usharika ni shahidi, kijani mwaka mzima.

Siku moja mkitoka ibadani, chumeni ua moja mlitazame kwa karibu. Yale matatu ya rangi, membamba yanayochakarika yakikauka, ni majani. Ukiyaelekeza juani unaona mishipa yake kama ya jani lolote. Katikati yamesimama mirija mitatu midogo, rangi ya maziwa, kila mmoja umejishikiza kwenye mshipa mkuu wa jani lake. Hiyo mirija ndiyo maua. Hufunguka na kunyauka mapema, na wengi hatujawahi kuiona kwa sababu jicho limeshavutwa na majani yanayoizunguka. Majani hayo hudumu wiki nyingi, na kwa kuwa kila chipukizi jipya huja na yake, ukuta haupumziki. Rangi yenyewe ni ya jamii moja na ile inayobaki mikononi ukimenya bitiruti. Kwangu hilo peke yake linatosha kunifanya nimshukuru Mungu asubuhi nzima.

Walioiingiza boganvilia katika vitabu vya elimu ya mimea walikuwa Wafaransa. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Louis-Antoine de Bougainville wa kuizunguka dunia, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767 na kuipa jina la mkuu wa msafara. Commerson alisumbuliwa na mguu, kwa hiyo vifaa na mizigo ya mimea iliyokusanywa ilibebwa na msaidizi wake, Jeanne Baret, mwanamke aliyepanda meli akiwa amevaa kiume kwa kuwa jeshi la majini la Ufaransa halikuruhusu wanawake melini. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Ua likapewa jina la Bougainville. Naitaja habari hii kwa kupita, lakini msimsahau Baret. Tutarudi kwa wabebaji.

Sasa nusu ya pili.

Nyuma ya sakristia, chini ya kivuli cha makuti, kuna viriba vimepangwa safu. Mtunza bustani wetu huotesha boganvilia kwa vipandikizi, na naomba siku moja mwende mkamtazame akifanya kazi, maana nimejifunza uchungaji mwingi pale kuliko kwenye semina. Huchagua tawi lililokomaa kiasi, lisiwe laini wala lisiwe limezeeka, unene kama wa penseli. Hulikata urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya kifundo, huondoa majani, kisha hulichomeka kwenye kiriba chenye mchanga mwingi. Baada ya hapo ni kivuli, na maji kidogo kidogo kila asubuhi: mchanga uwe na unyevu, usiwe tope, kwa sababu tope huozesha. Hapo hakuna anayezungumzia kuinyima maji ili ichanue. Kata maji siku chache tu katika joto la Oktoba, na utakachong'oa ni kuni.

Halafu kuna jambo ambalo mtu asiyejua halioni. Wiki kadhaa zikipita, kijiti huchipua. Majani mawili, matatu, ya kijani kibichi kabisa, na anayepita husema: imeshika! Haijashika. Majani hayo ya kwanza yametoka kwenye akiba iliyokuwa ndani ya kijiti tangu kikiwa mtini. Chini mara nyingi bado hakuna mzizi hata mmoja. Mizizi huchukua mwezi na zaidi, pengine miezi miwili au mitatu. Katika kipindi hicho kijiti kinakula akiba yake. Majani yanapoteza maji hewani, na huko chini hakuna kinachorudisha. Ukikitoa juani siku hiyo uliyofurahi, keshokutwa majani yamelala na hayatainuka. Ndiyo maana mtunza bustani wetu haangalii majani. Hukishika kijiti kwa vidole viwili na kukivuta polepole, kwa adabu. Kikimfuata, hukirudishia na kusubiri. Kikigoma, anajua huko chini kuna kitu kimeshika.

Hata hapo kazi haijaisha. Mizizi ya boganvilia ni myembamba na hukatika upesi, basi siku ya kuhamisha hachomoi mche. Hukichana kiriba kwa wembe na kushusha bonge zima la udongo shimoni bila kulitikisa. Kisha huja kiangazi cha kwanza, na kiangazi cha kwanza ni cha kumwagilia. Mvua yetu ya mwaka mzima ni takriban milimita 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki mche mchanga unamtegemea mtu. Mnajua dumu la lita 20 linauzwaje mtaani maji yakikatika. Mtunza bustani hugawa dumu hilo kwa mashimo yote, kopo kwa kopo, akianza na mche ulio dhaifu.

Ile boganvilia ya ukutani ambayo leo hakuna anayeimwagilia, iliwahi kumwagiliwa na mtu kiangazi chake cha kwanza. Wahubiri tunalitaja ua, na maji ya mwanzo hatuyataji.

Bwana wetu aliliona jambo hili. Katika Marko 4 mbegu iliyoanguka penye mwamba ilichipuka upesi, na upesi wake ndio uliowadanganya watazamaji. Jua lilipopanda ikaungua, na Bwana anataja sababu waziwazi: haikuwa na mizizi. Angalieni kwamba jua lililoiunguza ni lilelile lililoivisha nafaka ya udongo mzuri, shamba hilohilo, siku hiyohiyo. Basi mtu akiniuliza kama dhiki hujenga imani, siwezi kumjibu kabla sijamuuliza: imani ya nani, na imeshika wapi?

Niwasimulie niliyoyaona, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila kumtaja. Dada mmoja alifiwa na mumewe wakiwa na ndoa changa. Mtoto mgongoni, ubatizo wake mwenyewe haujamaliza mwaka. Msibani ndugu mmoja alisimama, mtu mwenye nia njema kabisa, akasoma Warumi 5 na kumwambia mbele ya watu wote kwamba Mungu amempitisha jangwani ili achanue, na kwamba machozi yakizidi ni dalili ya imani haba. Dada akaitikia amina. Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao, viti vya kukodi vikarudishwa. Jumapili zikapita, nafasi yake ibadani tupu. Nilipomfuata nyumbani alinikaribisha vizuri, akatandika kanga juu ya stuli, akanipa chai. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, naogopa kuja. Nikija nitalia, na wataona sina imani."

Wapendwa, huyo ni kipandikizi tulichokitoa juani kwa sababu kilikuwa na majani mawili.

Na kwa kuwa Warumi 5 ndiyo iliyosomwa, tuisome basi yote. Paulo anaanza na watu waliokwisha kupata amani na Mungu, wanaosimama katika neema. Hiyo ni mistari miwili ya kwanza, na ndiyo mizizi. Ndipo anapoitaja dhiki na saburi, tena anasema habari zake mwenyewe pamoja na wenzake, kama mtu anayetoa ushuhuda. Hajamnyooshea kidole mjane. Ukiendelea hadi mstari wa 5 unamkuta akizungumzia pendo la Mungu lililomiminwa mioyoni kwa Roho Mtakatifu. Limemiminwa. Andiko tunalolitumia kuwakatia watu maji linaishia kwa Mungu kumwaga.

Tazameni pia jinsi Mungu alivyomtendea Eliya katika 1 Wafalme 19. Huyu si mche. Ni mtu aliyetoka kuita moto kutoka mbinguni. Hata hivyo amefika mwisho wa nguvu, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakuja na somo. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamgusa, akamwambia ale. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula. Maswali ya Mungu kwa Eliya yapo, tena ni mazito, lakini yanasubiri Horebu, baada ya usingizi, chakula na mwendo wa siku arobaini. Na rafiki zake Ayubu, wanaolaumiwa sana, walianza vizuri: siku saba waliketi naye chini, hakuna aliyesema neno. Walipofungua vinywa kumweleza maana ya mateso yake ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia kwa maneno yao.

Kuna bibi mmoja hapa usharikani ambaye simtaji kwa sababu hapendi. Wengi mtamjua. Amezika watoto wawili, macho yanamwishia, na Ijumaa haijawahi kupita bila yeye kuongozwa na mjukuu kwenda kumwona mgonjwa fulani na kumwimbia. Kama kuna boganvilia ya ukutani katika kanisa hili, ni yeye. Nilimuuliza siku moja, "Bibi, nguvu hizi unazitoa wapi?" Nilitegemea anitajie andiko.

"Baba Mchungaji," akasema, "mume wangu alipofariki nilikuwa binti mdogo tu, mtoto ananyonya. Akina mama wa jumuiya walikuja na maji. Maji haya ya kunywa, ndoo kichwani, alfajiri, kila siku mpaka mvua ziliporudi. Hawakunihubiria. Mmoja alikuwa ananikalisha hapo chini ananisuka nywele, hasemi kitu. Biblia niliishika mwenyewe baadaye, nikaisoma nikiwa nimeshiba."

Akina mama hao simjui hata mmoja wao kwa jina, na sidhani kama kuna daftari la usharika lililowaandika. Ndio Baret wetu. Kila mnapomwona bibi yule anaingia ibadani amejitanda kitenge chake, mnaona maua ya maji waliyoyabeba.

Yeremia 17 inanena habari za mti usioogopa joto lijapo na usioacha kuzaa mwaka wa kiangazi. Tunaupenda mti huo. Lakini nabii ameeleza mapema ulikopandwa: kando ya maji, nao umenyoosha mizizi hadi mtoni. Kutoogopa kwake kumetoka huko.

Hata hivyo nisieleweke kwamba kila mtu ni wa kubebewa dumu siku zote. Kuna waliookoka zamani, wengine wametuongoza sisi, na bado wanataka kopo la kila asubuhi. Wiki mbili bila mchungaji kubisha hodi, wanazira. Wamehudhuria kila semina, kila mkesha, kila kongamano. Matawi yao yamefika paani, na ukitafuta ua, yaani mtu mmoja aliyesaidiwa nao, mgonjwa mmoja waliyemwona, hupati. Hao ndio wa kuhubiriwa ukuta wa barabarani. Kichaka kilichokomaa kikimwagiliwa mfululizo hakikosi maua tu, mizizi yake huoza. Ndugu yangu uliyeshika mizizi, acha udongo ukauke kidogo. Jumapili hii usisubiri kuulizwa hali. Mwulize aliyeketi kando yako, umsikilize hadi amalize.

Habari ya kupogoa sitaikalia. Mji huu wa zabibu hauhitaji kufundishwa Yohana 15, na wenye mashamba ya zabibu kati yenu mnaijua kwa mikono. Boganvilia nayo huchanulia kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo kila maua yakipukutika hukatwa ili ichipue tena. Niongeze moja tu: hata mkasi hungoja. Kisichoshika mizizi hakikatwi.

Sasa turudi Luka 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta matunda, hakuna. Anaamuru mtini ukatwe. Mtunza shamba habishani naye kwamba mti hauna kosa, wala hasemi kwamba shoka ni dhambi. Anaomba mwaka mmoja. Kisha anasema atakachofanya katika mwaka huo: ataupalilia pande zote na kuutilia samadi. Nimelitafakari jibu hili wiki nzima. Mwenye shamba ameangalia juu, kwenye matawi. Mtumishi wake anazungumzia chini. Kazi yote anayoiahidi ni ya ardhini, ya kuinama, ya jembe na kinyesi cha ng'ombe, na mti wenyewe hautakiwi kufanya lolote katika mwaka huo ila kupokea. Wala hakumwahidi bwana wake matunda. Aliahidi mikono yake.

Nami naamini kwamba Bwana Yesu alipousimulia mfano huu alikuwa anajieleza mwenyewe. Yeye ndiye aliyesimama kati ya shoka na mti, akajitwika kazi ya mizizi yetu. Basi mtumishi wake anayemkuta mtu mkavu na kumwachia hotuba peke yake hajafanana naye bado.

Mtaniuliza: mizizi haionekani, nitajuaje huyu ni mche na yule ni kichaka? Kwa vidole viwili. Ni kwenda, kukaa, kuuliza polepole, na kukubali jibu utakalopata. Msidanganywe na majani. Mtu aliyebatizwa Pasaka na leo anaimba kwa sauti kuliko wote anaweza kuwa anakula akiba. Furaha yake ni ya kweli, ila msimpe kipaza sauti na uenyekiti wa vijana mwezi huohuo, halafu mkashangaa Desemba hayupo. Na kuna wanaokaa kimya viti vya nyuma ambao ukiwavuta hawang'oki.

Kundi moja naliombea sana: wahamiaji. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, kila mwezi tunapokea watumishi na familia zao kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Wengi walikuwa na mizizi mirefu walikotoka. Wakifika hapa tunawatikisa udongo wote: hawaulizwi walikuwa wakitumika wapi, wanapangiwa jumuiya ambayo hawamjui mtu, wimbo mgeni, saa ya ibada ngeni. Waacheni waje na bonge lao. Aliyekuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili huko aulizwe kama angependa kuketi na watoto hapa. Mwenye nyumba ya maombi ya Alhamisi aruhusiwe kuiendeleza sebuleni kwake Ilazo au Nkuhungu, nasi tumfuate huko.

Basi mambo ya wiki hii. Wanaotaka vipandikizi vya ile nyeupe ya langoni waje Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, na viriba vyao, mchanga upo. Vaeni glovu au mje na kitambaa kizito, ile miiba haina simile.

Viongozi wa jumuiya, naomba orodha ya watu wa aina tatu: waliobatizwa au kubarikiwa tangu Pasaka, waliofiwa mwaka huu, na waliohamia. Kando ya kila jina muandike jina la mtu mmoja aliyekomaa ambaye atamtembelea mpaka mvua zianze, Desemba. Aende na alichonacho, unga, maji, au mikono ya kumshikia mtoto mama apate kulala mchana. Katika ziara hizo nawaomba msihubiri kiangazi. Mwenyeji akiomba neno, someni 1 Wafalme 19 hadi mstari wa 8 na mfunge kwa sala fupi. Yule dada niliyewasimulia amekubali kuwamo katika orodha, na bibi amemwomba awe wake. Watakuwa wanakutana Jumatano jioni.

Majina yafike ofisini kabla ya Alhamisi ili kikao cha wazee wa kanisa kiyapitie.